Kikao cha Setingi

Mimi nimezalisha wanawake tangu ujana wangu, na nikiwa wodini kwangu hata daktari akitaka kuingia anabisha hodi kwanza. Kwa hiyo mtu akinigongea mlango Jumapili asubuhi, siku yangu pekee ya kulala, awe na sababu ya maana. Nilifungua nimekunja uso. Mlangoni alisimama binti wa kaka yangu, niliyemlea mwenyewe tangu ananyonya kidole, mkono mmoja ameshika sanduku, na kwapani amebana kibodi ya kompyuta, waya wake unaburuzika chini.

"Shangazi," akasema, "ndoa imeisha."

Nikamvuta ndani. Nikamkagua uso, shingo na mikono, kama ninavyowakagua wale wanaoletwa wodini na hadithi za kuteleza bafuni. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke nje?"

"Redio? Nani wa kumvumilia?"

"Sasa amekufanya nini, we mtoto?"

Hapo machozi yakamtoka. "Amefuta setingi zangu zote."

Nilitafuta kiti nikakaa. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa polisi, kwa hospitali, kwa kumng'oa mtu macho. Kwa setingi sikuwa nimejiandaa.

Redio ni mume wake. Jina hilo tulimpa siku alipokuja kujitambulisha kwetu, maana tangu alipoketi mpaka tulipomsindikiza hakufunga mdomo, hata chakula alikuwa anakitafuna pembeni ili maneno yapate njia. Kijana mzuri, hana baya na mtu, ila kumzima ndiyo kazi. Wote wawili ni waandishi wa programu za kompyuta, wanafanyia kazi sebuleni kwao, na wana mtindo ambao mpaka leo unanishangaza: watu wawili, kompyuta moja. Mmoja anaandika, mwenzake amekaa ubavuni anamtazama na kumkosoa, halafu wanabadilishana viti. Wanasema eti makosa yanapungua. Mimi mume wangu akinitazama nikikata vitunguu tu, siku hiyo hatulali kwa amani.

"Haya, nieleze taratibu," nikamwambia. "Setingi za nini?"

"Za kihariri, Shangazi. Ile programu tunayoandikia programu."

"Programu ya kuandikia programu."

"Ndiyo. Fikiria jiko. Kihariri kinakuja kitupu, kama nyumba ya kupanga. Kuta nyeupe, taa moja, basi. Halafu wewe unaanza kujiwekea. Kitufe hiki kikigawe kioo pande mbili, huku uone maandishi, huku uone majibu. Kile kikurushe moja kwa moja kwenye mstari wenye kosa. Ukiandika herufi mbili, kikumalizie sentensi nzima. Kuna kazi unairudiarudia? Unakionyesha mara moja, kinaiga, mara nyingine kinaifanya chenyewe. Na kama kuna kitu hakiwezi, unakitungia kipande cha programu, unakipachika, kinaweza. Mimi changu nimekitengeneza tangu chuo. Kila siku kidogo kidogo, mpaka kikakamilika. Na Redio ana chake hivyo hivyo. Tukibadilishana viti, kinabonyezwa kitufe kimoja, kioo kizima kinageuka kuwa cha mwingine."

"Na sasa chako kimekuwaje?"

"Kitupu," akasema, akaangua kilio upya.

Basi nikampikia chai, nikamtandikia kwenye kochi, nikijua kesho yake akili zitamrudia. Lo! Nilijidanganya.

Jioni ile ile Redio alimpigia mkewe simu, nikaipokea mimi. Nikaiweka kwenye spika, na yule kijana akafunguka: Shangazi diski ilikuwa imejaa, Shangazi kompyuta ilikuwa inakwama, Shangazi tuna kazi ya watu ya kukabidhi, Shangazi nikaona kuna folda imefichwa, nikatazama tarehe, tangu mwaka juzi haijaguswa na mtu, nikadhani ni mabaki ya zamani, nikaifuta.

Binti akaninyang'anya simu. "Ilikuwa haiguswi kwa sababu ilikuwa imekamilika!"

"Sasa mimi ningejuaje? Na nakala yake je? Si wewe unayewasema wateja kila siku kwamba asiye na nakala asilie?"

Jamani, kuna maneno hata yakiwa kweli hayasemwi. Binti alikata simu, akaizima, akaitumbukiza kwenye pochi. Nikamuuliza kwa upole kama kweli hakuwa na nakala. Akaniangalia kwa jicho lililonirudisha jikoni bila kuambiwa.

Sasa niseme ukweli wa wiki ile, na mtu asije akaniona nina roho mbaya. Mwanangu yule, mikono yake haiwezi kukaa bure. Aliyemtoa kwenye kihariri chake amenitia mimi matatani. Jumatatu nilirudi kutoka kazini nikakuta jiko langu limehamishwa lote. Vikombe vimesogezwa karibu na birika, chumvi imepanda juu, sufuria zimepangwa kwa kufuata, eti, ninavyozitumia.

"Nimekupunguzia hatua, Shangazi. Ulikuwa unazunguka jiko zima kwa ajili ya kikombe kimoja."

"Hizo hatua zilikuwa zangu!"

"Utazoea."

Sikuzoea. Nilitia amira kwenye chai nikidhani ni maziwa ya unga. Viatu vyangu vyeupe vya kazini nilivikuta vinaning'inia nyuma ya mlango. Simu yangu aliichukua "kuiweka sawa kidogo", ikarudi kioo chake kimekuwa cheusi tii, na nikiandika "njoo" inamalizia yenyewe, "njoo haraka mama kashikwa na uchungu." Muuguzi wangu msaidizi nilimwita aje tunywe chai, akafika anahema, glavu mkononi. Mtu pekee ambaye hakupata tabu nyumbani kwangu ni mume wangu, maana huyo tangu tuoane hajawahi kujua kitu chochote kinakaa wapi. Yeye anakaa kwenye kiti chake, anasikiliza mpira, chai inamfuata.

Nilikuwa na kila sababu ya kumtaka binti arudi kwake. Lakini haikuwa hiyo tu. Ile simu aliyoizima aliiwasha kesho yake asubuhi, na tangu hapo hakuiachia. Akila, iko kando ya sahani. Akioga, iko juu ya sinki. Na Redio, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa usingizini, hakupiga tena. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi binti akaniambia, macho yake yako dirishani, kwamba amepata chumba mtaa wa pili, kina dirisha zuri, na mwenye nyumba anataka jibu Jumamosi jioni.

"Utamjibuje?"

"Ndiyo. Nitajibu nini kingine? Mtu amenifuta, Shangazi. Na hata kupiga simu hajapiga."

Kusema kweli roho iliniuma. Nimeona ndoa zikivunjika kwa pombe, kwa ndugu, kwa uongo wa kila rangi. Hii ikivunjika kwa folda, watu wakiniuliza nitawaambia nini? Nikainua simu yangu nyeusi tii nikaitisha kikao. Jumamosi mchana, nyumbani kwangu, asiyekuja awe na sababu ya msiba.

Wa kwanza kufika alikuwa mama yake Redio. Yeye ni fundi cherehani, na alikuja moja kwa moja kutoka kibandani kwake, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Aliingia amevimba.

"Mwenzangu," akaniambia kabla hajaketi, "nimeambiwa mwanangu anaachwa kwa sababu ya kompyuta. Hiyo nayo ni sababu? Kama amefuta, si aandike tena! Sisi waume zetu walifuta mangapi?"

"Kaa kwanza, mwenzangu."

"Nimekaa. Lakini nasema."

Binti alikuwa kwenye kochi, magoti yamebanana, sanduku lake miguuni, kibodi yake mapajani kama mtoto mgonjwa. "Mama," akamwambia mkwewe kwa adabu, "ile cherehani yako, kile kidude cha kukaza uzi, nani anakigusa?"

"Hakigusi mtu!"

"Na akikigusa?"

"Kile nimekirekebisha mwenyewe kwa sikio langu! Msichana mmoja alikizungusha nusu tu, nusu, nikashona gauni zima linakunjamana kama..." Akanyamaza. Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akageukia mlangoni, ambako mwanawe ndiyo kwanza alikuwa anaingia, mkoba wa kompyuta begani, akampokea kwa sauti ya kuvunja vyombo: "Wewe! Umemgusia mwenzio mashine yake?"

"Shikamoo, mama," akasema Redio. "Shikamoo, Shangazi."

Akaishia hapo. Nilisubiri maneno mengine yaje. Hayakuja. Alikuwa hajanyoa, shati limefungwa vifungo upande, macho mekundu. Nikashtuka kuliko kama ningemwona analia. Mume wangu mwenyewe alipunguza sauti ya mpira.

"Haya," nikasema, kwa ile sauti yangu ya wodini. "Wiki nzima hukupiga simu. Mkeo amepata chumba, anatoa jibu leo jioni. Sema ulilo nalo."

Redio alishusha mkoba begani. Akaufungua, akatoa kompyuta, akaiweka juu ya meza yangu ya kahawa, akaiwasha. Akamgeukia mkewe, akamnyooshea mikono miwili kuomba ile kibodi. Binti akaikumbatia.

"Sitaki. Nimeshakiona kihariri changu kikiwa kitupu, sina haja ya kukiona tena."

"Mpe," nikasema.

"Shangazi..."

"Sukuma, mwanangu, tumalize!" Ndivyo ninavyowaambia kila siku kazini, lilinitoka bila kufikiri, na ajabu likafanya kazi. Akampa. Redio akachomeka waya, akasogeza kiti, akasimama nyuma.

"Jaribu," akamwambia.

Binti alikaa. Alibonyeza kitufe cha kwanza kwa kidole kimoja, kwa dharau, kama mtu anayegusa samaki wa juzi. Kioo kikageuka, weupe ukaondoka, ikaja rangi ya siagi, herufi kubwa kubwa, maneno mengine ya bluu, mengine ya zambarau. Akakaza shingo. Akabonyeza cha pili, kioo kikagawanyika pande mbili. Akaandika herufi mbili, sentensi nzima ikamwagika. Hapo akavuta kiti karibu. Vidole vikaanza kukimbia, kwa kasi, kwa hasira, na nikaelewa anachofanya: alikuwa anamtafutia kosa. Alijaribu hiki, akarukia kile, akarudi nyuma, akabonyeza vitatu kwa pamoja. Kila alipobonyeza, kitu kilifanyika, na kila kilipofanyika alizidi kukunja uso.

"Ulikuwa na nakala," akasema bila kugeuka. "Ulikuwa nayo muda wote, ukaniacha nalia."

"Sikuwa nayo."

"Sasa hivi vimetoka wapi?"

Redio akajikuna kidevu. "Si nilikuwa nakaa pembeni yako? Kila siku. Wiki hii nilikuwa nafumba macho, nakumbuka sauti. Ukitaka kugawa kioo unabonyeza kwa kidole gumba, mlio wake ni mzito. Ukitafuta neno unabonyeza viwili haraka haraka halafu unavuta pumzi. Nikawa nakumbuka mlio, natafuta kitufe, naandika kinachotakiwa kufanyika, najaribu. Kisipofanya kama chako, nafuta naanza upya. Ningekupigia simu ningesahau. Nikianza kuongea nasahau sauti."

Mama yake alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili, mdomo wazi. Mimi nilimtazama mume wangu kwenye kiti chake. Nimeishi naye mpaka wote wawili tumeota mvi, na ukimwambia alete sukari anauliza iko wapi. Nilimwonea wivu binti yangu pale pale, wivu mtupu, wala sioni haya kusema.

Lakini binti alikuwa amesimamisha vidole. Aliandika neno, akalifuta, akaliandika tena.

"Hii nini?"

"Nini?"

"Hapa huwa nakosea. Neno hili kila siku nakosea, natanguliza herufi ya nyuma. Sasa nimekosea kikajirekebisha chenyewe. Mimi sikuwa na hii."

Redio akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo nimeiongeza mimi."

Nilifumba macho. Haki ya Mungu nilifumba macho. Mama yake akapiga paja kofi moja, akanong'ona, "Ameongeza! Yule akili hana." Mtu umefuta jiko la mwenzio, umelijenga upya tofali kwa tofali, umekaribia kusamehewa, unamwongezea rafu bila kumuuliza. Nami niliyenywa chai ya amira niliujua vizuri uchungu huo.

"Nani amekuambia uongeze?" akauliza binti.

"Hakuna. Unaweza kuitoa. Iko mstari wa mwisho peke yake, nimeitenga ili ukiitoa isiguse kingine."

Binti akageukia kioo. Halafu akaandika lile neno tena, makosa yake yale yale, akaliangalia linavyojinyoosha. Hakuitoa. Lakini sanduku lilikuwa bado pale mbele ya kochi, na saa ya ukutani inaelekea jioni ya kumjibu mwenye nyumba.

"Kuna kimoja nimeshindwa," akasema Redio. "Nimehangaika nacho siku mbili. Kile cha kona ya kulia, juu kabisa. Nakumbuka mlio wake vizuri, ulikuwa unakibonyeza sana, tena kwa nguvu. Mara nyingine mara tatu mfululizo. Lakini nikikumbuka kioo, sioni kilichokuwa kinabadilika. Nimejaribu kila kitu. Nikasema labda kilikuwa kinahifadhi kazi kimya kimya, labda kinasafisha kitu nyuma. Sikijui. Nisamehe, hicho nimekiacha kitupu."

Binti aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu amefika mumewe, akamtazama usoni. Mimi niliyezoea kusoma nyuso za wanawake sikuweza kujua kinachokuja ni kilio au nini.

"Hakikuwa na kazi," akasema.

"Vipi?"

"Hakifanyi kitu. Hakijawahi kufanya kitu. Nilikuwa nakibonyeza wakati wewe unaongea."

Tuliona jambo lile likimshukia Redio taratibu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye mabega.

"Kila nilipokuwa naongea?"

"Badala ya kukurushia kibodi, nabonyeza hicho. Nabonyeza mpaka hasira inapita. Ikipita, naendelea na kazi."

Redio aliinama, akakitazama kile kitufe cha kona kwa karibu. Vingine vyote vilikuwa na maandishi yake. Hicho kilikuwa kimefutika maandishi, laini, kimelika katikati kama ngazi ya zamani.

"Kumbe mimi ni mvumilivu kiasi hicho," akasema binti, akaanza kucheka huku machozi yanatiririka, na Redio akapiga magoti pale pale kwenye zulia langu, akaweka uso wake mapajani kwa mkewe, na hakusema hata neno moja.

Mama yake alijifuta macho kwa ncha ya futi. Halafu akaniinamia sikioni.

"Mwenzangu," akaniuliza, "kibodi kama hizo zinauzwa wapi? Baba yake naye yuko nyumbani, anaongea."

Nilikuwa nimeshalishika lile sanduku, nalipeleka kwenye gari lao mimi mwenyewe.